Mshamba, John Bull na Mwananchi: Taswira ya Mkulima katika Vibonzo vya Tanzania ikilinganishwa na Michoro ya Tashtiti ya Uingereza ya Enzi za Wafalme George

1.0 Utangulizi

Neno "mshamba" lina maana mbili zinazoishi katika nyumba moja bila kusalimiana. Maana ya kwanza ni mtu anayekaa au kufanya kazi shambani. Ya pili ni mtu asiyejua mambo, anayeshangaa taa za barabarani na kuvuka njia kama ng'ombe. Maana ya pili imeila ya kwanza. Leo hakuna mkulima wa Mbulu anayejitambulisha kwa mgeni kuwa ni mshamba, ingawa ndilo neno ambalo sarufi ya lugha ingempa bila shida yoyote. Makala haya yanahakiki athari ya ulaji huo wa maana katika sanaa moja, nayo ni vibonzo vya magazeti ya Kiswahili vinavyomchora mtu wa shamba.

Ili kuuona mwelekeo wa vibonzo vyetu kwa jicho la mbali kidogo, makala yanavilinganisha na michoro ya tashtiti iliyochapwa Uingereza katika enzi za wafalme wanne walioitwa George na kipindi kifupi kilichofuata, yaani kati ya mwaka 1714 na 1837. Ulinganishi huu una hatari zake. Tasnifu kadhaa zinazoshughulikia vibonzo huanza kwa kuitaja michoro hiyo kama babu wa vibonzo vyote duniani, kisha huiacha hapohapo na kuendelea na orodha ya ishara: kitambi ni ishara ya ufisadi, viraka ni ishara ya umaskini, miwani myeusi ni ishara ya vitisho. Kwa maoni ya mwandishi huyu, orodha ya ishara si uhakiki. Msomaji wa gazeti amekwisha kujua kuwa kitambi ni ulaji, na hakuhitaji nadharia ya semiotiki kumfikisha hapo. Swali gumu zaidi ni hili: katika kicheko ambacho kibonzo kinakizua, mkulima amewekwa wapi? Ni miongoni mwa wanaocheka, ni miongoni mwa wanaochekwa, au ni samani tu iliyowekwa ili wengine wawili wachekane?

Mwandishi ana maslahi katika swali hili na hafichi. Amezaliwa na kulelewa Daudi, wilayani Mbulu, katika nyanda za juu ambako watu hulima mahindi, maharage na vitunguu saumu, na kufuga ng'ombe na nguruwe. Alipofika chuoni kwa mara ya kwanza, aliitwa mshamba kabla hajaulizwa jina.

2.0 Mkulima katika bamba la shaba

Michoro inayozungumziwa hapa ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, ikachapwa karatasi moja moja, mara nyingi ikapakwa rangi kwa mkono na kuuzwa dukani. William Hogarth, aliyeishi kati ya mwaka 1697 na 1764, ndiye aliyeipa sanaa hii hadhi na soko. Sheria ya mwaka 1735 iliyowalinda wachongaji dhidi ya wezi wa kazi zao ilipatikana kwa juhudi zake na za wenzake. Baada yake wakaja James Gillray, Thomas Rowlandson, Isaac Cruikshank na mwanawe George. Gillray ndiye mkali kuliko wote, naye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi na mwenye duka mmoja, Hannah Humphrey, ambaye mwaka 1797 alihamia mtaa wa St James's jijini London. Watu walijazana mbele ya kioo cha duka kutazama picha mpya. Walionunua walikuwa wachache, kwa kuwa bei haikuwa ya mtu anayeishi kwa kibarua.

Jambo hilo la bei lisisahaulike. Anayeisifu michoro hii kuwa sauti ya wanyonge anasahau ni nani aliyefungua pochi. Mwana wa mfalme, aliyekuja kuwa George IV, alikuwa akinunua picha za Gillray, mchoraji yuleyule aliyemchora mwaka 1792 akiwa amebweteka kitini baada ya mlo, tumbo likikaribia kung'oa vifungo vya kizibao, uma mdomoni kama kijiti cha kuchokolea meno, na nyuma yake madeni yasiyolipwa. Hiki kilikuwa kicheko cha watu wa daraja moja, au daraja zilizokaribiana, wakichekana ndani ya nyumba yao.

Mkulima aliingiaje humo? Aliingia kwa milango mitatu, na kila mlango una la kutufundisha.

Mlango wa kwanza ni wa Hogarth. Katika mfululizo wake wa picha nne kuhusu uchaguzi, uliotokana na uchaguzi wa Oxfordshire wa mwaka 1754, picha ya pili inaonesha kijana mkulima amesimama katikati ya barabara. Wakala wa chama kimoja yuko kulia, wa chama cha pili yuko kushoto, na wote wawili wanampa kitu. Macho ya mkulima huyo ndiyo kiini cha picha. Hayana mshangao. Yanapima. Hogarth hamsifu, kwa kuwa picha nzima inalaani biashara ya kura, lakini hamfanyi mjinga. Anamfanya mshirika wa dhambi mwenye akili zake timamu, na hiyo, kwa namna ya ajabu, ni heshima.

Mlango wa pili ni John Bull. Mhusika huyu alibuniwa na John Arbuthnot mwaka 1712 akiwa mfanyabiashara wa nguo, lakini mikononi mwa wachoraji akageuka kuwa mtu wa shamba: mnene, mwenye uso mwekundu, mpenda nyama, mzito wa kuelewa, mwepesi wa kulalamika. Mwaka 1792 Gillray alichora pande mbili za karatasi moja. Upande mmoja kuna Mfaransa aliyekonda anayetafuna vitunguu vibichi huku akishangilia uhuru wake. Upande mwingine kuna John Bull aliyefura, anakata pande la nyama ya ng'ombe huku akilaani kodi zinazomfanya mtumwa na kumuua kwa njaa. Tashtiti inawachoma wote wawili. Miaka mitatu baadaye, Gillray huyohuyo anamchora waziri mkuu William Pitt akimsaga John Bull katika mashine ili atoke sarafu. Hapo kicheko kimehamia upande mwingine. Bwege wa jana amekuwa taifa. Maumivu yake ndiyo kipimo cha serikali.

Ni vema kuongeza, ingawa kwa kupita tu, kwamba tangu mwaka 1797 Gillray alikuwa akilipwa kwa siri pauni 200 kwa mwaka na serikali ya Pitt huyo. Na mwaka 1820 George Cruikshank alipokea pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mfalme katika hali ya aibu. Uhuru wa wachoraji hao haukuwa na shida na dola tu. Ulikuwa na shida na bahasha pia.

Mlango wa tatu ni picha moja ya Gillray ya Februari 1795, iitwayo Affability, tunayoweza kuiita "Uchangamfu". Mfalme George III, aliyependa kilimo hata akatungiwa jina la George Mkulima, amekutana na mfanyakazi wa shamba anayelisha nguruwe. Malkia yuko ubavuni mwake. Mfalme ameinama, uso wake umekaribia mno uso wa mtu yule, naye anamwaga maswali mfululizo: jina, makazi, mwendo, yote kwa pamoja bila nafasi ya jibu. Mfanyakazi ameduwaa, macho yamemtoka. Wahakiki wengi huisoma picha hii kama kejeli dhidi ya mfalme mwenye maneno mengi, na usomaji huo ni sahihi. Lakini mwandishi huyu alipoiona kwa mara ya kwanza hakumtazama mfalme. Alimtazama aliyeulizwa. Tutarudi kwake.

3.0 Mkulima katika karatasi ya gazeti

Katika nchi yetu mkulima ana hadhi ambayo John Bull hakuipata kamwe. Yumo katika nembo ya taifa. Ngao imebeba jembe na shoka, na wanaoishika ni mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya mlima Kilimanjaro. Jembe na nyundo viko katika bendera ya chama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitangaza nchi kuwa ya wakulima na wafanyakazi. Mwaka huohuo, katika gazeti la Uhuru, gazeti la TANU, Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga.

Sadfa hiyo ya mwaka haijazingatiwa vya kutosha. Katika gazeti moja, kurasa za mbele zilimtukuza mtu wa jembe, na kibonzo kikacheka na mambo ya mtaani: ndoa, pombe, ujanja wa mjini, mshahara unaokwisha kabla ya mwezi. Msomaji hakutakiwa kumcheka mkulima mtukufu, na wala hakupewa nafasi ya kumsikia akicheka. Aliyechekwa alikuwa ama mnyonyaji, ambaye lugha ya siasa ilimpa sura ya kupe na mirija, ama mtu wa kawaida aliyeshindwa na mji. Kwa hiyo mkulima aligawanywa. Nusu yake ilipanda juu ikawa nembo, na nembo haina mdomo. Nusu iliyobaki ilishuka ikawa mshamba.

Jarida la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, liliendeleza mwelekeo huo kwa ustadi mkubwa. Wahusika wake, miongoni mwao waliochorwa na Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986, bado wamo vinywani mwa watu wa rika fulani: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Madenge. Majina yenyewe ni uhakiki. Lodi Lofa ni mtu anayejivika ulodi huku hana hata nauli, na katika jina hilo dogo kuna tashtiti ya kitabaka ambayo Rowlandson angeielewa mara moja. Lakini wote ni watu wa mjini. Dunia ya Sani inaanzia kituo cha basi na kuishia baa. Shamba lipo kama mahali alikotoka mtu, au anakotishiwa kurudishwa. Hata Kenya, ambako Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, msingi wa kicheko umo katika jina: juha.

Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 na magazeti binafsi kuongezeka, vibonzo vilihama kutoka mtaani kwenda ikulu. Masoud Kipanya alileta panya wake mdogo. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, Mtanzania aliyejiunga na Nation jijini Nairobi mwaka 1992, alichora marais kwa ukali uliokaribia ule wa Gillray. Tofauti ya wawili hawa inafundisha. Gado anaukabili uso wenyewe, anavuta pua, anapanua masikio. Kipanya mara nyingi anapitia kwa mnyama, njia ya ngano zetu, njia ambayo Shaaban Robert aliifuata kwa namna nyingine mwaka 1951 alipoipeleka nchi ya Kusadikika angani ili aweze kuisema. Si kweli kwamba njia ya panya ni ya woga. Panya huingia ghalani. Anajua gunia lipi limetobolewa, kwa sababu pengine ni yeye aliyelitoboa.

Hata hivyo, kuna sharti la kimaumbile linalotenganisha vibonzo hivi na mabamba ya London. Mchoro wa Gillray ulijitegemea: karatasi moja, bei yake, duka lake. Kibonzo chetu ni mpangaji katika nyumba ya gazeti, na mwenye nyumba akifukuzwa, mpangaji hana pa kulala. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti zima, na uwezo huo ulitumika: MwanaHalisi mwaka 2012, Mwananchi na Mtanzania mwaka 2013. Januari 2015 gazeti la The East African lilizuiwa kusambazwa nchini, siku chache baada ya kuchapisha kibonzo cha Gado kumhusu Rais Jakaya Kikwete. Sababu rasmi iliyotolewa ilikuwa kwamba gazeti halikusajiliwa nchini. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilibadili jina la sheria kuliko ilivyobadili hali ya mpangaji.

Ni katika vibonzo hivi vya kisiasa ndipo mkulima alipopata sura mpya, nayo ndiyo inayomsumbua mwandishi kuliko dharau ya zamani. Anaitwa "mwananchi". Amekonda, nguo zake zina viraka, na mara nyingi jina lake limeandikwa kifuani ili asije akachanganywa na mtu mwingine. Kiongozi mwenye kitambi amemkalia mgongoni, amempokonya sahani, au anampita kwa gari. Achille Mbembe, akiandika kuhusu vibonzo vya Kameruni, ameonesha jinsi mwili wa mtawala unavyojaza picha hadi kicheko kinamzoea badala ya kumwangusha. Hoja hiyo inafaa hapa, lakini inastahili kuongezewa upande wa pili. Kadiri mwili wa mtawala unavyojaa, ndivyo mwili wa mwananchi unavyopunguzwa kila kitu isipokuwa mbavu. Anahurumiwa. Na anayehurumiwa katika tashtiti hapewi mzaha wake mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni vibonzo vya misimu ya uchaguzi. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, na Mahakama Kuu ikayatangua mwaka 2006 kwa kuwa yalikiuka Katiba. Vibonzo vya mambo haya vilikuwa vingi na vingine vilikuwa vizuri sana. Lakini mpiga kura wa kijijini ndani yake ni mtu anayepokea khanga, fulana na sahani ya pilau kwa macho yanayong'aa, kisha anaachwa na njaa miaka mitano. Mweke kando ya kijana wa Hogarth. Yule wa Hogarth anapokea mikono yote miwili na hatujui atampigia nani. Huyu wetu tunajua atampigia nani, kwa sababu mchoraji ameamua kwamba khanga inatosha kumnunua. Mwandishi amekaa katika mikutano ya kampeni Daudi na kuona kinamama wamevaa khanga ya mgombea mmoja wakimsikiliza mwingine kwa utulivu, kisha wakarudi nyumbani wakiwaiga wote wawili, sauti na mwendo, hadi watoto wakaanguka kwa kucheka. Kibonzo hicho hakijachorwa.

Inaweza kujibiwa kwamba mwananchi wa viraka ni ukweli mtupu. Watu wamekonda kweli, na mchoraji asiyewaonesha angekuwa mwongo. Hoja hiyo ina uzito. Pia ni kweli kwamba John Bull mnene aliweza kuchorwa mnene kwa sababu aliyemnunua alikuwa ameshiba, na maelfu waliokosa mkate mwaka 1795 hawakuonekana katika umbo lake. Hata hivyo, umaskini wa tumbo na umaskini wa maneno ni vitu viwili. Jamii zetu zinalijua jambo hili vizuri kupitia utani. Mtani anaweza kukosa hata sabuni na bado akakuvua nguo mbele za watu, nawe ukabaki kutafuta jibu. Sheria ya utani ni kwamba zamu hurudi. Anayetania hutaniwa. Kibonzo cha gazeti kina zamu moja tu, na hapo ndipo kinapoachana na utani, ingawa wahakiki wengi wamezoea kukiita mtoto wake.

4.0 Mtu wa nguruwe

Mwandishi alipokuwa akitayarisha kazi hii alikusudia kumsoma mfanyakazi wa shamba katika picha ya "Uchangamfu" kama ndugu wa mwananchi wetu: bubu, aliyeduwazwa na mamlaka, aliyewekwa hapo ili mfalme achekwe. Aya hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kisha, wakati wa likizo, akamwonesha mjomba wake picha hiyo kwenye simu, Daudi, karibu na banda la nguruwe, bila kumweleza ni ya nani wala ya lini.

Mjomba aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama yule mnene ni mkubwa wa serikali. Akajibiwa kuwa ni mfalme.

"Na huyu mwingine unasema ameogopa?"

"Ndiyo, mjomba. Tazama macho."

"Hapana, mpwa wangu. Mkubwa akija kijijini anauliza maswali kumi kwa mara moja. Ukijibu la kwanza, amekwisha kufika la tano. Unafungua macho hivi, unamngoja amalize. Akimaliza ameondoka." Akairudisha simu. "Nguruwe wanakula. Hakuacha kuwalisha."

Mwandishi aliitazama picha upya. Ni kweli, nguruwe wanaendelea kula. Ni maelezo madogo chini ya mchoro ambayo hakuyapa uzito aliposoma kwa mara ya kwanza. Haiwezekani kuthibitisha kwamba Gillray alikusudia usomaji wa mjomba, na pengine hakukusudia. Mnunuzi wa London, anayetazama kutoka upande wa mfalme hata pale anapomcheka, angeona mshangao tu. Lakini mchoro unauruhusu usomaji huo, kwa kuwa mchoraji alimpa mtu yule kazi ya kufanya, uso wake mwenyewe na mahali pa kusimama. Hakumwandikia jina kifuani.

Kigezo hicho, kwamba mhusika ameachiwa nafasi ambayo msomaji aliye kama yeye anaweza kuingia na kumsemea, ndicho kilichotumika kuvirudia vibonzo vilivyojadiliwa katika sehemu iliyotangulia. Vingi havikipiti. Vya Kipanya hukipita mara kwa mara, kwa sababu panya yuko pembeni na pembeni ndiko aliko mtu wa shamba. Baadhi ya vile vya Sani hukipita bila kutarajiwa, hasa pale mgeni kutoka kijijini anapotapeliwa na Ndumilakuwili katika picha tatu, na katika ya nne hayupo, naye Ndumilakuwili anapekua mifuko yake mwenyewe.

Aya ya kwanza kuhusu mtu wa nguruwe imefutwa katika toleo hili. Mjomba aliulizwa kama angependa jina lake litajwe. Alisema hapana, halafu akauliza mfalme yule alilipa nini kwa kupoteza muda wa mtu.